Mrejesho: ile ishu ya kumpa mkandarasi stoo ya vifaa vya matengenezo

Wakuu, niliuliza kama taasisi kubwa kama yetu ikiwapa watu wa nje waendeshe stoo ya spea itakuwa nafuu au tunajitafutia balaa. Tuliwapa, sasa ni mwezi wa sita tangu waanze. Kabla hawajaanza tukahesabu kila kitu na aisee ilikuwa aibu, boksi zima la beringi za pampu ambazo tulishazing'oa kitambo, halafu washa za bomba (zile pete za kuzuia kuvuja) hakuna hata moja, fundi anatoka kwenda kutafuta mwenyewe nusu siku imeisha. Saivi hakitoki kitu bila namba ya kazi, yaani namba ya matengenezo ambayo kifaa kinaenda kutumika, na mzigo unabaki mali yao mpaka utoke rafuni, hapo ndo tunalipia. Mlioniambia tusiwalipe kwa asilimia ya manunuzi asanteni sana, wangetujazia stoo, tumewapa ada ya mwezi.

Kilichonikera ni mkataba kusema saa za kazi tu. Bomba likapasuka saa 8 usiku, stoo imefungwa, valvu tunaiona dirishani!! Kipengele cha dharura tumekiongeza juzi. Mtunza stoo wetu wa zamani tulimbakiza akague hesabu zao, hawampendi kabisa.