Je, Mchungaji King alikosea kuwaruhusu watoto waandamane Birmingham?

Mleta mada:
Kila Januari Wamarekani humuadhimisha Mchungaji Martin Luther King kwa hotuba ya ndoto yake, lakini ni wachache wanaoigusa tarehe 2 Mei 1963, siku ambayo wanafunzi zaidi ya 1,000 waliacha masomo mjini Birmingham, Alabama, wakatoka kanisani kwa mafungu huku wakiimba kupinga ubaguzi wa rangi, na mamia yao wakalala rumande. Kesho yake Bull Connor, aliyesimamia polisi na zimamoto, aliamuru watimuliwe kwa mbwa na mipira ya maji. Malcolm X, mwanaharakati mwingine wa Wamarekani weusi, alisema waziwazi kwamba mwanamume wa kweli hawatangulizi watoto wake penye mapambano. Ninaungana naye: vita vya watu wazima vipiganwe na watu wazima.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, hoja yako ni nzito, ila kisa umekianzia katikati. Watu wazima walikuwa wameshajaribu. King mwenyewe alikamatwa Ijumaa Kuu, tarehe 12 Aprili, akaandika barua yake maarufu akiwa jela, na bado waliojitokeza kufungwa pamoja naye walikuwa wachache, kwa sababu mtumishi wa nyumbani au kibarua wa kiwandani akikamatwa leo, kesho hana kazi na wanawe hawana chakula. Mwanafunzi hakuwa na ajira ya kunyang'anywa. Hiyo ndiyo hesabu aliyoipiga James Bevel, msaidizi wa King. Nakiri kwamba inatia ubaridi moyoni, na King naye alisita kabla ya kuikubali.

Ninachokataa ni dhana kwamba watoto wale walikuwa mahali salama, ndipo wachungaji wakaja kuwatoa. Salama wapi? Usiku wa Krismasi mwaka 1956, nyumba ya Mchungaji Fred Shuttlesworth, ambaye ndiye aliyemwalika King mjini humo, ililipuliwa kwa baruti familia ikiwa ndani. Mwaka uliofuata alikwenda kuwaandikisha binti zake katika shule ya Phillips, iliyokuwa ya wazungu peke yao; alipigwa kwa minyororo mbele ya lango, na mkewe akachomwa kisu, watoto wakiwapo. Siku hiyo hapakuwa na maandamano yoyote.

Ninapomlaumu King ni kwingine. Jela zikiwa zimefurika, aliwaambia wazazi mkutanoni wasiwe na wasiwasi, kwamba watoto wao watakuwa salama. Ile picha ya vijana watatu waliobanwa ukutani na nguvu ya maji, wamempa mgongo mpiga bomba, inaonyesha kwamba hiyo haikuwa ahadi yake kuitoa. Angewaambia ukweli, kisha wachague.

Mleta mada:
Basi nisaidie hapa. Makubaliano na wafanyabiashara wa mji ya kupunguza ubaguzi yalitangazwa tarehe 10 Mei, na tarehe 15 Septemba kanisa lilelile la Mtaa wa 16 walikotokea waandamanaji likalipuliwa. Wasichana wanne waliuawa, mdogo wao, Denise McNair, akiwa na miaka 11. Huoni kwamba deni la Mei lililipwa Septemba?

Mchangiaji:
Naliona, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Lakini bomu lilitegwa na watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, na wasichana wale hawakuwa barabarani. Ilikuwa Jumapili, walikuwa chumba cha chini, wakijitengeneza nguo na nywele wapande kwenye ibada.