Naomba ushauri: michezo ya wanavyuo Unguja na Pemba

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi na wenzangu chuoni, Unguja, tunataka kualika wanavyuo wa nje kwa michezo. Nimefuatilia ile ya majira ya baridi ya wanavyuo wa dunia, Torino, Italia, Januari 2025: michezo ya barafu mjini, ya theluji milimani Bardonecchia, Sestriere na Pragelato. Walitumia tena viwanja vya Olimpiki ya 2006.

Nasi tunao uwanja wa Amaan, Unguja, na wa Gombani, Pemba. Sitaki Pemba iachwe, maana shughuli kubwa nyingi huishia Unguja. Lakini likizo yetu ni wakati wa kusi, upepo mkali wa kusini, na mkondo wa Pemba huchafuka. Tuwavushe kwa boti, au timu nyengine zishukie Chake Chake, Pemba, kwa ndege? Aliyewahi kulaza wageni wengi Pemba, naomba anielekeze.