Mama yuko kwenye kemo: kadi ya bangi ya matibabu Pennsylvania, duka la Ohio, au vidonge vya daktari?

BintiWaKilema (Pittsburgh)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama yangu anatibiwa saratani ya titi, na kemo (dawa kali za saratani) imemnyima chakula. Akila anatapika, hata uji mwepesi. Dawa za kuzuia kichefuchefu alizoandikiwa zinamsaidia siku moja, siku ya pili hazifui dafu. Nesi mmoja alitugusia kadi ya bangi ya matibabu. Mama alishtuka, maana kwetu bangi ni habari ya polisi na vijana wa kijiweni, lakini amechoka kutapika na ameniambia nimtafutie ukweli, aamue mwenyewe.

Naona njia tatu. Kwanza, kadi ya mgonjwa ya Pennsylvania. Pili, kuvuka mpaka kwenda Ohio, ambako mtu wa miaka 21 ananunua dukani kwa kuonyesha kitambulisho tu. Tatu, daktari wake alitaja vidonge vya dronabinol, ila muda ukaisha kabla hajaeleza. Mama ana grinikadi (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) na anajiandaa kuomba uraia. Mimi ndiye nitakayemfuatilia dawa. Waliopita njia hizi naomba mnilinganishie.

MzeeWaLancaster

Pole sana binti, na mfikishie mama pole zangu. Mimi nina kadi ya Pennsylvania kwa ajili ya maumivu sugu ya mgongo, kwa hiyo nikueleze ninayoyajua.

Sheria yetu ni ya mwaka 2016 na maduka yalianza kuuza 2018. Jimbo lina orodha ya magonjwa yanayokubalika, na saratani imo wazi. Imo pia selimundu, kifafa, VVU, maumivu sugu, na tangu 2019 hata matatizo ya wasiwasi. Kwa ugonjwa, mama anastahili bila ubishi.

Unaanza kwa kumfungulia akaunti kwenye mfumo wa Idara ya Afya ya jimbo. Jina na anwani viandikwe kama vilivyo kwenye leseni au kitambulisho chake cha Pennsylvania, herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu manne ndipo tunapokwama: pasipoti inasema hivi, leseni inasema vile, ombi linarudi. Kisha anamwona daktari aliyesajiliwa kwenye mpango huo. Si kila daktari wa saratani amesajiliwa, kwa hiyo tazama orodha ya idara kabla ya kuweka miadi. Siku hizi miadi inaweza kufanyika kwa simu au video. Daktari akishamthibitisha, mnarudi kwenye mfumo, mnalipa dola 50, na kadi inakuja kwa posta. Wenye Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au msaada wa chakula wana nafuu kwenye ada hiyo.

Gharama inayouma ni nyingine. Bima hailipi miadi ya uthibitisho wala bidhaa yenyewe, na uthibitisho unafanywa upya kila mwaka. Dukani kuna mfamasia au mtaalamu mwingine wa afya wa kuzungumza naye, na hilo kwa mgonjwa wa kemo ni jambo kubwa. Utakuta vidonge, matone, mafuta ya kupaka na maua makavu ya kuvuta kwa kifaa cha mvuke. Kuyasokota na kuyavuta kama sigara sheria ya jimbo imekataza hata kwa mwenye kadi.

Nyamizi_Columbus

Pole dada. Nizungumzie Ohio kwa sababu niko huku.

Ni kweli, wapiga kura walipitisha bangi kwa watu wazima Novemba 2023 na mauzo yakaanza Agosti 2024. Mtu wa jimbo lolote anauziwa. Lakini shida yako inaanzia pale unapowasha gari kurudi nyumbani. Kuvusha bangi mpaka wa majimbo ni kosa la serikali ya shirikisho hata kama umeinunua kihalali na risiti unayo. Na ukishaingia Pennsylvania bila kadi, kuwa nayo ni kosa huko pia. Hiyo njia ya pili mimi ningeifuta kabisa.

Kwa wanaosoma wakiwa Ohio: kadi ya mgonjwa bado ina faida. Ada ya jimbo ilikuwa dola 50 kwa mwaka, mwaka 2024 ikashushwa hadi senti moja, na mwenye kadi halipi ile kodi ya asilimia 10 wanayotozwa wanunuzi wa kawaida. Daktari mwenyewe ndiye anayekuingiza kwenye mfumo. Anayenunua kila wiki kwa ugonjwa wa kweli atauona unafuu huo haraka.

Karani_Uhamiaji

BintiWaKilema, simamisha kila kitu kwanza. Umeandika neno moja ambalo wengi wanalipita: grinikadi.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili wa uhamiaji. Mimi si wakili, na mama amwone wakili. Lakini sikiliza. Uhamiaji ni mambo ya serikali ya shirikisho, na macho yake hayaangalii sheria ya Pennsylvania. Aprili 2019 idara ya uraia ya Marekani, USCIS, ilitoa mwongozo ulioandikwa waziwazi: kuvunja sheria ya shirikisho kuhusu bangi kunaweza kumzuia mtu kuthibitisha kuwa ana mwenendo mwema, sharti la kupata uraia, hata kama alichofanya kinaruhusiwa na jimbo lake. Wala si lazima awe amehukumiwa mahakamani. Akikiri mwenyewe mbele ya ofisa, inaweza kutosha.

Wanaangalia kwa kawaida miaka 5 kabla ya ombi, au 3 kwa baadhi ya wenye ndoa na raia. Sheria ina mwanya kwa kosa moja tu la kukutwa na gramu 30 au chini kwa matumizi yako mwenyewe. Mtu anayechukua dawa dukani kila mwezi hawezi kujificha chini ya mwanya huo.

Na kuna safari. Mwenye grinikadi akitoka nje ya Marekani na kurudi, anaweza kuhojiwa uwanja wa ndege. Akikiri matumizi, anaweza kuhesabiwa mtu asiyestahili kuingia. Kadi kwenye pochi, au picha ya chupa kwenye simu, ndivyo vitu vinavyozaa maswali.

Kudanganya kwenye mahojiano ni kubaya zaidi ya bangi yenyewe, kwa hiyo asije mtu kukushauri mama akane.

MzeeWaLancaster

Karani, nakuheshimu, lakini usimtishe binti. Rejista ya wagonjwa Pennsylvania ni ya siri kisheria. Sheria hiyohiyo inamzuia mwajiri kukufukuza kwa sababu tu umethibitishwa kuwa mgonjwa. Nina majirani wenye kadi, hakuna aliyefuatwa na mtu.

Karani_Uhamiaji

Mzee wangu, shikamoo. Majirani hao ni raia? Kama ni raia, maisha yao na ya mama huyu hayafanani kwenye jambo hili. Usiri wa rejista unamzuia karani wa jimbo kutoa jina. Haumzuii ofisa wa uraia kumuuliza mama, akiwa ameapa, kama amewahi kutumia. Hapo siri yote iko mdomoni mwake. Sisemi asitibiwe, nasema asitibiwe kwa njia itakayomfunga baadaye wakati kuna nyingine.

MzeeWaLancaster

Ni raia, naam. Hapo umenifikisha. Binti, sikiliza la Karani.

Dereva_wa_Masafa (Indiana)

Naongeza kwa madereva wa malori, maana tuko wengi humu. Leseni ya CDL (ya kuendesha malori makubwa) na kadi ya bangi haviendi pamoja. Wizara ya Usafirishaji ya Marekani haiitambui kadi ya jimbo lolote. Ukipimwa mkojo ukaonekana, daktari anayekagua matokeo hawezi kukusafisha kwa sababu ya kadi, na jina linaingia kwenye hifadhidata ya madereva iliyoanza 2020, ambayo kila kampuni inaitazama kabla ya kukuajiri. Hata mafuta ya CBD (kemikali ya bangi isiyolevya) ya dukani msiyaamini, mengine yana THC (ile inayolevya) ya kutosha kukuangusha, na utetezi wa “nilitumia CBD” haukubaliki.

Dada, mama anaendesha gari? Pennsylvania ni wakali kwa hilo. Sheria yao ya ulevi barabarani inakataza kiasi chochote cha bangi au mabaki yake kwenye damu, na mwenye kadi hasamehewi. Mabaki yanakaa mwilini siku nyingi baada ya ulevi wenyewe kuisha.

BintiWaKilema

Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama haendeshi tangu aanze kemo. Karani, umenifungua macho, hata nesi hakutuambia habari ya uraia. Je, mimi nikijiandikisha kama msaidizi wake, nichukue kwa jina langu? Mimi ni raia tayari. Ninafanya kazi ya CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee.

Karani_Uhamiaji

Haisaidii. Pennsylvania kweli inasajili wasaidizi wa wagonjwa, lazima uwe na miaka 21 na uchunguzwe alama za vidole. Lakini msaidizi anasajiliwa kwa ajili ya mgonjwa aliyethibitishwa, kwa hiyo jina la mama linaanza. Na anayetumia bado ni mama.

DadaMfamasia (Minneapolis)

Nimesoma uzi wote nikingoja mtu aeleze njia ya tatu, na kwa mama huyu naona ndiyo njia yenyewe.

Dronabinol ni THC iliyotengenezwa maabara. Imeidhinishwa na FDA (mamlaka ya dawa ya Marekani) tangu mwaka 1985, kwa wagonjwa wa kemo ambao dawa za kawaida za kichefuchefu hazikuwatosha. Soma tena ulichoandika juu, ni mama yako mtupu. Mwaka 1992 ikaidhinishwa pia kwa wagonjwa wa UKIMWI wanaokonda kwa kukosa hamu ya kula. Daktari wake wa saratani anaiandika kama dawa nyingine, mnaichukua duka la dawa la kawaida, na bima inaweza kulipa. Hakuna kadi, hakuna rejista ya bangi, hakuna mpaka wa kuvuka. Na kwa hoja ya Karani: dawa iliyoandikwa na daktari na kutolewa na famasia ni halali kwa sheria ya shirikisho.

Ina kasoro zake na nitazisema. Inapitia tumboni, kwa hiyo inachelewa kufanya kazi. Ndiyo maana humezwa saa 1 hadi 3 kabla ya kemo na si kichefuchefu kikishapanda. Akitapika mara tu baada ya kumeza, dozi imepotea, wakati matone ya chini ya ulimi kutoka duka la bangi yanaweza kuanza kazi mapema zaidi. Wazee inaweza kuwapa kizunguzungu, usingizi na kuchanganyikiwa, hivyo aanze na dozi ndogo na asiachwe peke yake siku za mwanzo. Wengine wanasema mmea mzima unawafaa zaidi ya kidonge. Siwabishii, kila mwili na dawa yake. Ila kwa mwenye grinikadi anayetaka uraia, tofauti hiyo haistahili hatari.

Kwa wenye watoto wa kifafa: ipo Epidiolex, CBD iliyosafishwa, imeidhinishwa 2018 kwa aina mbili za kifafa kikali, Dravet na Lennox-Gastaut, na 2020 ikaongezwa kwa wenye ugonjwa wa tuberous sclerosis. Nayo ni ya famasia, bila kadi.

Huku Minnesota ada ya kadi ilikuwa dola 200, ikafutwa Julai 2023. Watu wakaona imekuwa rahisi wakakimbilia. Urahisi wa kupata kadi haujabadilisha kitu kwenye sheria ya uhamiaji.

Papa_Tulsa

Dada pole. DadaMfamasia amesema kweli, na Oklahoma ndiyo mfano. Tangu 2018 huku hakuna hata orodha ya magonjwa, daktari akisaini unalipa dola 100, wenye Medicaid dola 20, kadi inadumu miaka miwili. Mtoto anahitaji saini za madaktari wawili. Wakongo wengi tulikuja kama wakimbizi, tunasubiri grinikadi au uraia, na kijana akisikia “ni halali” anachukua kadi bila kumuuliza mtu. Uzi huu nitaupeleka kanisani.

Msafiri_Leeds

Kwa walioko Uingereza, kwa ufupi: serikali huku haitoi kadi. Tangu Novemba 2018 daktari bingwa aliyesajiliwa ndiye anayeweza kuandika dawa ya bangi, NHS (huduma ya afya ya serikali) huitoa kwa nadra sana, wengi wanalipa kliniki za binafsi. Kadi zinazouzwa mtandaoni si ruhusa ya kisheria.

BintiWaKilema

Nimemsomea mama uzi wote. Ameuliza mambo mawili. Akipewa hivyo vidonge, ataweza kwenda navyo Moshi kuwaona ndugu? Na ana mzio wa ufuta, kuna shida?

DadaMfamasia

La ufuta ni zito, umefanya vizuri kuuliza. Vidonge vya dronabinol kwa kawaida vimejazwa mafuta ya ufuta. Mwambie daktari na famasia KABLA hajaandikiwa. Ipo dawa ndugu yake, nabilone, nayo iliidhinishwa 1985 kwa kichefuchefu cha kemo. Itaje kwa jina kwenye miadi, uulize kama bado inapatikana famasia, na mweleze pia dawa nyingine zote anazotumia, hasa za kulainisha damu na za usingizi.

Karani_Uhamiaji

Kuhusu Moshi, asibebe bila kuuliza. Bangi ni kosa zito Tanzania, na kwa mtu anayepitia Dubai au Doha huko ndiko kukali zaidi. Dawa ya famasia yenye THC inahitaji kuulizwa mapema ubalozini kwa kila nchi atakayokanyaga, pamoja na ya kubadilishia ndege, akiwa na barua ya daktari na chupa yenye lebo yake. Wasipokupa jibu la maandishi, dawa ibaki Pittsburgh na daktari ampangie nyingine ya safari.

BintiWaKilema

Sawa. Miadi ya daktari wa saratani ni Alhamisi, nimeandika: nabilone, mzio wa ufuta, dawa za damu, bima. Wakili nitampigia kesho asubuhi.

DadaMfamasia

Ongeza moja: muulize daktari kama bima inataka idhini kabla ya kulipa. Kwa dawa hizi hutaka mara nyingi, na ofisi yake ndiyo inayotuma maombi. Waombe watume hiyohiyo Alhamisi mkiwa bado hapo, ili isije ikachelewa kuliko kemo ijayo.