Mrejesho: Mizabibu mikongwe ya Makutupora nyekundu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza hapa jukwaani nifanyeje na mizabibu mikongwe ya Makutupora nyekundu, aina ya zabibu ya huku Dodoma, aliyotuachia babu. Ilikuwa inakauka, na majirani walinishauri niing'oe nipande Chenin Blanc, aina ya zabibu nyeupe.

Sikuing'oa. Nilifuata ushauri wa kukata vipando wakati wa kupogoa: tawi lililokomaa, unene wa penseli, macho manne (sehemu zinazochipua), mawili yakae ndani ya udongo. Vile nilivyoweka kwenye viriba (vifuko vya kuoteshea miche) vya mchanga na samadi iliyooza, chini ya kivuli, vingi vimeshika mizizi. Vile nilivyochomeka moja kwa moja shambani vimeliwa na mchwa karibu vyote, na majivu hayakusaidia kitu. Anayetaka kuokoa mbegu ya zamani aanzie kwenye viriba.

Kuhusu mavuno, dada uliyesema nisidanganywe na rangi, Mungu akubariki. Vichala vilikuwa vyekundu kabisa huku sukari bado iko chini. Nilisubiri mpaka kokwa ndani ya tunda zikageuka kahawia, nikaazima kipima sukari, kikasoma nyuzi 22 za Brix (kipimo cha sukari). Tukavuna alfajiri, kwenye kreti badala ya viroba, zabibu zisipondeke njiani. Mchuzi, yaani juisi ya zabibu, umetoka mzito, rangi ya damu ya mzee, harufu safi.

Bei ndiyo imegoma: mnunuzi amelipa sawa na zabibu nyingine zote. Hilo bado sijalipatia dawa.

Vipando vilivyozidi nitagawa bure mvua zikianza. Mwenye shamba Dodoma aniandikie. Asanteni sana wote.