Watoto 34, mipira 7, saa moja: nipangeje mazoezi ya soka?

Mwanachuo_Dom

Wakuu, habari za jioni. Niko mwaka wa pili chuo cha ualimu, Dodoma, na sasa hivi niko BTP (mazoezi ya kufundisha) kwenye shule ya msingi. Nimekabidhiwa mpira wa miguu kwa darasa la kwanza hadi la tatu, Jumanne na Alhamisi, saa 10 hadi saa 11 jioni.

Nilichonacho: watoto 34 (wasichana 13), umri miaka 6 hadi 9. Mipira 7, saizi 5 iko minne na saizi 4 mitatu. Koni 10, filimbi, vizibao hakuna. Uwanja wa udongo mgumu, magoli mawili ya chuma ya kuhamishika.

Ratiba ya sasa ni kuzunguka uwanja mara mbili, kunyoosha viungo, halafu mistari miwili mbele ya goli: mtoto anakokota, anapiga, anarudi nyuma ya mstari. Dakika 20 za mwisho mechi, 17 kwa 17. Mistari inageuka ngumi, kwenye mechi wote wanaufuata mpira kama nyuki, na wenye nguvu wanne au watano ndio wanaocheza. Wengine wanachimba mchanga kwenye kona.

Naomba mpangilio wa dakika kwa dakika. "Kuwa mvumilivu" nimeshaambiwa ofisini.

Kocha_Mchangani

Mkuu, adui yako ni huo mstari. Piga hesabu: watoto 17, kila mmoja sekunde 15 za kukokota na kupiga. Zamu inamrudia baada ya dakika 4 na sekunde 15. Kwa dakika 20 anapata zamu nne au tano, jumla kama dakika moja na kidogo akiwa na mpira. Zaidi ya dakika 18 amesimama nyuma ya mgongo wa mwenzake, na mtoto wa miaka saba akisimama hivyo lazima atafute cha kufanya. Ngumi ndiyo hiyo.

Gawa makundi manne: 8, 8, 9, 9. Usiwasambaze wale wababe kila kundi mmoja, ingawa wengi hufanya hivyo wakidhani ndiyo haki. Ukiwasambaza, kila kundi linapata mfalme wake. Waweke pamoja wagombanie wenyewe, na wale wapole waweke pamoja. Pima kwa nguvu na uzoefu, achana na darasa analosoma.

Saa yenyewe iende hivi:

10:00–10:08, mchezo wa kuingilia. Simama-kaa-ruka, nyama-nyama, chochote wanachokijua tayari, ili usitumie muda kueleza. Hiyo ndiyo kupasha misuli. Kunyoosha viungo huku wamesimama tuli hakuna faida kwa umri huu.

10:08–10:47, vituo vinne, dakika 8 kila kimoja, dakika moja ya kuhama. Maji mara mbili, dakika mbili mbili, baada ya kituo cha pili na baada ya cha nne.

10:47–10:57, mechi za wanne kwa wanne, au wanne kwa watano, kwenye viwanja vinne vidogo kwa wakati mmoja. Mpira mmoja kila kiwanja.

Dakika tatu za mwisho wao wenyewe wanakusanya vifaa na kuhesabu mipira.

Vituo: A na B ni mechi ndogo, mpira mmoja kila kimoja, ile saizi 4. Kiwanja hatua ndefu 25 kwa 15, goli hatua mbili, hakuna kipa, hakuna kuotea, mpira ukitoka unaingizwa kwa mguu. C ni kundi lenye mipira mitano iliyobaki: kama ni watoto 9, jozi nne na mmoja peke yake, wa peke yake abadilishwe kila baada ya dakika mbili. D hakuna mpira kabisa, ni kunyang'anyana mikia: kila mtoto anachomeka kipande cha kitambaa kama sentimita 40 kiunoni kwa nyuma, anakwapua vya wenzake huku analinda chake. Hapo anajifunza kugeuka, kukwepa na kuangalia nyuma, na hizo ndizo chenga zenyewe kabla ya mpira kuja.

Kituo C ndicho cha kusimama wewe. Eneo liwe dogo, hatua 8 kwa 8. Kosa utakaloliona kila siku: mtoto anaupiga mpira kwa ncha ya kidole gumba, unaenda mita nne, anaufukuza, anaupiga tena. Ukimwambia "ukokote karibu" haelewi, kwa sababu kwake karibu ni popote anapoufikia. Mpe sheria anayoweza kuikagua mwenyewe: ukisema "simama!", unyayo wake uwe juu ya mpira ndani ya hatua moja. Aliyeuacha mbali anajiona mwenyewe. Baada ya wiki mbili ongeza mguu wa kushoto, kisha kugeuka kwa kuuvuta nyuma kwa unyayo. Jambo moja kwa siku. Ukieleza zaidi ya nusu dakika umeshawapoteza.

Kwenye jozi, anayesubiri asisimame tu. Atanue miguu awe daraja, mwenzake apitishe mpira katikati. Sekunde 30 kisha wabadilishane.

Beki_Kisiki

Haya mambo ya mikia ni ya chekechea. Sisi mtaani mleta fujo alikuwa anapewa mizunguko mitano ya uwanja na adabu ilikuwepo. Na kama shule inataka kwenda mbali UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, wachague 11 mapema uwape namba zao: huyu beki, huyu winga. Hao wanaochimba mchanga wacha wachimbe.

Mwl_Michezo

Kaka Kisiki, mizunguko ikiwa adhabu, mtoto anajifunza kwamba kukimbia ni adhabu, halafu mwakani unamlaumu hana pumzi. Mleta fujo akae dakika moja pembeni yako na kazi mkononi: ahesabu pasi za kundi lake. Akirudi mpe jambo la kufanya mara moja. Habari ya namba nayo, darasa la pili hujui nani atarefuka. Mfupi wa leo ukamfunga kwenye ubeki wa kulia, akifika darasa la saba hajawahi kugeuka na mpira huku adui yuko mgongoni mwake.

Mwanachuo, nina ya usalama, na yaanze kabla ya mpira.

Hayo magoli ya chuma ndiyo kitu cha hatari kuliko vyote hapo uwanjani. Mtoto akining'inia kwenye mwamba, goli lisilofungwa linaangukia mbele, juu yake. Kwa mpango wa Kocha huyahitaji, kwa hiyo yalazwe kifudifudi, mwamba ukiwa chini, yafungwe kwa mnyororo. Siku ya kuyatumia weka mifuko ya mchanga kwenye chuma cha chini cha nyuma, na bado mtu mzima awe karibu.

Fika dakika 15 kabla, tembea uwanja mzima ukiangalia chini: mbigili, vioo, misumari, mashimo. Dodoma mbigili ni nyingi na nusu ya watoto watakuwa pekupeku. Usichanganye pekupeku na wenye njumu kwenye kiwanja kimoja. Ama wote wavue, ama wenye viatu wacheze na wenye viatu.

Pasipo koni tumia chupa za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga theluthi, kifuniko kimefungwa. Mawe hapana, mtoto akijikwaa ataangukia jiwe la pili. Chora mistari kwa majivu.

Kupiga mpira kwa vichwa waache kabisa. Chama cha soka cha Marekani kilizuia tangu 2015 kwa miaka 10 kushuka chini, na England ikaviondoa kwenye mazoezi ya watoto wa umri wa shule ya msingi mwaka 2020. Wakigongana vichwa, aliyeumia hachezi tena siku hiyo hata akisema yuko sawa. Akitapika, akisinzia au akichanganyikiwa, ni hospitali moja kwa moja, na mzazi anapigiwa simu mkiwa njiani. Pua ikitoka damu: akae, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachia kuchungulia. Kuinua kichwa juu ni kosa la kila siku, damu inashuka kooni na anatapika.

Usiwe mtu mzima peke yako. Mwanachuo mwenzako mmoja anatosha kukaa A na B, na vijana wawili wa darasa la sita wanaweza kushika muda. Namba za simu za wazazi ziwe kwenye karatasi, maana simu yako itazima chaji. Chooni waende wawili wawili.

Dogo jingine: saa 10 jua liko magharibi. Viwanja vyote vielekee kaskazini na kusini. Ukiongea nao wewe ndiye uangalie jua, wao walipe mgongo, la sivyo wote wanakunja macho na hakuna anayekuona unachoonyesha.

Fundi_Chandimu

Mimi niongee ya mipira tu. Saizi 5 kwa mtoto wa miaka sita ni mzigo: duara lake sentimita 68 hadi 70, uzito gramu 410 hadi 450. Umri huo ulipaswa kuwa saizi 3. Hiyo minne usiitumie kupigia mashuti, iweke kituo C kwa kazi ya unyayo, tena uipunguze upepo. Bonyeza kwa vidole gumba viwili, ukizama kama sentimita moja hapo inatosha. Ukiujaza asubuhi ukauacha juani, saa 10 utakuwa mgumu kuliko ulivyouacha.

Kabla ya kuchomeka sindano ya pampu ilowanishe kwa maji na uiingize wima. Sindano kavu au ya kulalia upande inachana vali, na mpira unaovujia kwenye vali hauzibiki kwa gundi.

Mipira ya kuongezea itengeneze chandimu. Kwa mmoja unahitaji kipande cha sponji ya godoro bovu ukubwa wa ngumi mbili, nailoni ya mkate, fulana kuukuu mbili, soksi ndefu ya mtu mzima na tyubu mbovu ya baiskeli.

Sponji ifunge ndani ya nailoni ikaze. Ukiruka hatua hii, mvua moja tu sponji inakunywa maji na mpira unakuwa jiwe. Fulana zikate vipande virefu vya upana wa vidole vitatu, viringisha ukigeuza mwelekeo kila mzunguko, ukienda upande mmoja tu unapata yai. Simama duara likifika sentimita 40 hadi 45 kwa futi ya fundi cherehani. Usitafute sentimita 58 za saizi 3 kwa matambara, utapata zito mno. Upime kwenye mizani ya dukani, usizidi gramu 350. Vika soksi, isokote mdomoni, igeuze ivike mara ya pili.

Tyubu usiikate pete. Ikate kwa kuzunguka kama unamenya chungwa, upana wa sentimita moja na nusu, upate mkanda mmoja mrefu. Uviringishe juu ya soksi huku unauvuta, na ncha ya mwisho ipitishe chini ya mikanda mingine. Fundo likibaki nje, ndilo litakaloumiza vidole vya pekupeku.

Chandimu haidundi, na kwa mtoto mdogo hiyo ni faida: mpira unatulia mguuni badala ya kumrukia usoni. Tengeneza 10, kituo C kila mtoto awe na wake.

Mwanachuo_Dom

Asanteni sana wakuu, nimenakili yote. Maswali mawili. Hao nyuki nawatawanyaje kwenye wanne kwa wanne? Na wasichana: wako 13 lakini wanne au watano tu ndio wanaougusa mpira.

Kocha_Mchangani

Nyuki ni umri, usipige kelele za "tawanyikeni". Ukipiga, wanasimama na kukuangalia wewe. Kwenye wanne kwa wanne kundi ni la watoto 8, tayari umepunguza vumbi. Ukitaka zaidi, weka magoli manne: kila timu ilinde mawili, moja kila pembe, hatua 10 kati yake. Wote wakijazana goli la kushoto, mmoja ataona la kulia liko wazi na atafunga. Wakifungwa hivyo mara tatu, utasikia mtoto mwenyewe anasema "wewe kaa kule".

Mwl_Michezo

Wasichana usiwapangie kiwanja chao kama adhabu, wala usiwasambaze mmoja mmoja kati ya wavulana. Wawili au watatu wanaojuana waingie kundi moja, wapate wa kumpasia. Kituo D waangalie vizuri. Wengi wamecheza rede tangu wadogo, kukwepa na kulenga wanajua kuliko wavulana wako, wanachokosa ni mpira mguuni tu. Na ile sheria ya "goli la msichana linahesabiwa mawili" usiilete. Wavulana wataanza kuwatumia kama mlingoti wa kusimama golini.

Mwanachuo_Dom

Poa mwalimu. Wakija 31 badala ya 34?

Kocha_Mchangani

7, 8, 8, 8. Kundi lenye watoto saba linacheza watatu kwa wanne, na wanne ni upande dhaifu. Wakizidi bao tatu, mhamishe mmoja bila kusimamisha mchezo. Mwite jina, mwonyeshe upande.