Mtunzi nisiye na lebo: nikimwandikia msanii, nidai laki tatu au asilimia, na ya nini hasa?

Mtunzi_Temeke

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mwandishi wa nyimbo, siimbi, na sina lebo wala menejimenti. Kuna wimbo wa bongo fleva uko mezani. Maneno ya kiitikio na beti mbili ni yangu, melodi ya kiitikio yangu pia. Melodi za beti tumezitafuta pamoja na msanii. Biti ni ya prodyuza. Beti ya tatu ameandika na kuimba msanii mgeni wa Nairobi.

Msanii anatoa 300,000 "tumalizane". Naomba mnisaidie haya:

1. Nichukue hiyo laki tatu au nidai asilimia? Asilimia ya nini?
2. Nikishasajili COSOTA (ofisi ya hakimiliki Tanzania), kazi imeisha?
3. Msanii anasema msambazaji wake wa mtandaoni analipa kila kitu, kwa hiyo hakuna pesa nyingine ya mtunzi. Ni kweli?

Wimbo unatoka baada ya wiki tatu. Natanguliza shukrani.

---

Kalamu_na_Biti

Mkuu, wimbo mmoja una mali mbili. Ya kwanza ni utunzi: maneno na melodi, hata kama hakuna aliyewahi kuurekodi. Ya pili ni rekodi: ile sauti iliyotoka studio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inazitenganisha. Mtunzi ana hakimiliki, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi wana hakishiriki. Msambazaji anayepeleka wimbo Boomplay au Spotify anakusanya pesa ya rekodi na kumlipa mwenye akaunti. Pesa ya utunzi ina njia yake, na usipoijengea hiyo njia haitakufikia. Kwa hiyo swali la tatu jibu ni hapana.

"Tumalizane" ndilo neno la kuogopa hapo. Halisemi umeuza nini. Wewe utadhani umelipwa nauli na jasho la kuandika, mwenzako ataamini ameununua utunzi mzima. Mkifika kwenye mgogoro, kila mmoja atakuwa na tafsiri yake ya neno moja la WhatsApp.

Anza na karatasi ya mgao wa utunzi. Ukurasa mmoja wa A4 unatosha. Iwe na jina la wimbo (na jina lingine lolote mliloutumia studio), tarehe, majina kamili ya kila mtunzi kama yalivyo kwenye kitambulisho, jina la sanaa, namba ya simu, alichochangia, asilimia yake, shirika la mirabaha alilojiunga kama lipo, na saini. Jumla iwe 100 kamili. Nyuma yake ambatanisha maneno yote ya wimbo, kila ukurasa ukiwa na saini fupi za wote.

Namna ya kugawa haimo kwenye sheria, ni makubaliano. Wengine wanagawa sawa kwa vichwa, mko wanne basi 25 kila mmoja. Wengine wanaanza na nusu ya maneno, nusu ya muziki. Kwa wimbo wako njia ya pili inaweza kwenda hivi:

Maneno 50: kiitikio 20 kwa sababu ndicho kinachorudiwa, kila beti 10. Wewe 40, mgeni 10.
Muziki 50: biti 25, melodi 25. Ndani ya melodi, kiitikio 10 ni chako, melodi za beti zenu mbili 10 mnagawana tano tano na msanii, melodi ya beti ya mgeni 5.

Jumla: wewe 55, prodyuza 25, mgeni 15, msanii 5. Msanii ataona tano ni dharau, jiandae. Mkumbushe kwamba hii ni ya utunzi tu. Rekodi ni yake na hapo wewe hudai umiliki. Ukiamua kumwongezea ili kazi iende, mwongezee kwenye karatasi. Asilimia ya mdomo hubadilika wimbo ukishashika chati.

Saini zichukuliwe kabla sauti za mwisho hazijaingizwa. Wimbo ukishatoka, huna cha kuzuia, unabaki kuomba.

---

Hesabu_za_Mirabaha

Naongezea kwenye pesa, maana karatasi ya mgao haimlazimishi msanii akulipe chochote kutoka kwenye rekodi. Hilo linahitaji mkataba wa pili.

Usikatae laki tatu. Ipe jina. Andika hivi: "Kiasi cha Sh 300,000 ni ada ya uandishi. Hakihamishi hakimiliki ya utunzi, hakirudishwi, na hakitakatwa kutoka kwenye mirabaha ya baadaye." Sentensi mbili hizo zinabadilisha maana ya pesa ileile. Kisha kama mtakubaliana upate na kipande cha mapato ya rekodi, angalia sana neno moja: mapato ghafi au mapato baada ya gharama.

Mfano wa kukisia. Rekodi imeingiza 2,000,000, na wewe una asilimia 10. Kwa mapato ghafi unapata 200,000. Mkataba ukisema "baada ya gharama", akatoa video 1,200,000 na matangazo 600,000, kumebaki 200,000 na chako ni 20,000. Na gharama anaziorodhesha yeye. Kama hakubali mapato ghafi, basi taja gharama zinazoruhusiwa kwa majina, weka kikomo cha kiasi, na sema risiti ziambatanishwe.

Vitu vingine vinavyosahaulika na kuleta ugomvi:

- Miito ya simu. Ina njia yake ya malipo, itajwe kwa jina.
- Matangazo ya biashara na filamu. Weka kwamba maneno na melodi havitumiki huko bila idhini yako ya maandishi. Hapa ndipo wimbo mmoja unaweza kulipa kuliko mwaka mzima wa kusikilizwa mtandaoni.
- Taarifa ya mapato kila miezi mitatu, na nakala ya ripoti ya msambazaji yenyewe, sio skrinishoti ya jumla. Ripoti hizo huchelewa miezi miwili mitatu, kwa hiyo usishangae robo ya kwanza ikija tupu.
- Muda wa kutoa. Andika kwamba wimbo usipotoka ndani ya miezi 12, una haki ya kumpa msanii mwingine. La sivyo wimbo unaweza kukaa kabatini miaka.

Kama msanii ni mchanga na hana wasikilizaji, kwa maoni yangu chukua ada kubwa kidogo na ubaki na utunzi wako, usihangaike na asilimia za rekodi. Kumfuatilia mtu kila robo mwaka kwa ajili ya elfu nane ni mateso kwenu wote. Lakini utunzi usiuze. Unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na wimbo huo huo unaweza kuimbwa upya na mtu mwingine miaka kumi ijayo.

---

Pwani_Sauti

Kwa upande wa mgeni wa Nairobi: Kenya wanatumia Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na uhamisho wa hakimiliki huko hauna nguvu kama haujaandikwa na kutiwa saini. Yeye ajisajili kwenye daftari la mtandaoni la KECOBO (bodi ya hakimiliki ya Kenya), na kama mtunzi pesa yake huja kupitia shirika la watunzi. Kwa miaka mingi limekuwa MCSK, ila leseni za mashirika hutolewa na KECOBO kwa vipindi, kwa hiyo aulize kwanza ni lipi lina leseni mwaka huo. PRISK ni la waimbaji na wapigaji, KAMP ni la watayarishaji wa rekodi. Mgeni wako ameandika na ameimba, kwa hiyo anahusika pande mbili. Wewe uliyeandika tu, PRISK haikuhusu.

Wimbo ukienda Skiza (huduma ya miito ya simu ya Safaricom, Kenya), marekebisho ya sheria ya Kenya ya 2022 yanasema msanii au mwenye hakimiliki apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya mwito, kampuni ya simu 39.5, na mtoa huduma wa kati 8.5. Msidanganyike na hiyo 52. Inamfikia aliyepeleka wimbo. Sheria haimtafuti mtunzi wa Temeke aliyeandika kiitikio. Ndiyo maana aliyenitangulia kasema itajwe kwenye mkataba.

Kuhusu COSOTA: usajili ni ushahidi, sio unaoanzisha haki. Haki inaanza kazi ikishatungwa. Sajili hata hivyo, na peleka karatasi ya mgao pamoja na demo. Mabadiliko ya sheria ya 2022 yaliipa COSOTA sura ya ofisi ya hakimiliki na kufungua mlango kwa makampuni ya kukusanya na kugawa mirabaha, kwa hiyo uliza pale pale ni kampuni ipi yenye leseni inayopokea watunzi wa muziki, ujiunge nayo. Kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) ni kitu kingine kabisa. Na kama kuna mtunzi wa Zanzibar ndani ya wimbo, kule wana sheria yao ya 2003 na ofisi yao, COSOZA.

---

Namba_na_Majina

Nieleze njia ya pesa za utunzi kutoka nje, maana hapo ndipo watunzi wetu wanapoteza bila kujua.

Marekani kuna chombo kinaitwa The MLC, kilianza kazi Januari 2021. Kinakusanya sehemu ya mirabaha ya utunzi kwa nyimbo zinazosikilizwa kule Spotify, Apple Music na kwingineko, na kinalipa watunzi wa nchi yoyote. Kujiunga ni bure. Februari 2021 majukwaa yalikikabidhi dola milioni 424 za miaka ya nyuma zilizokosa wenyewe, kwa sababu majina ya watunzi hayakulingana na rekodi. Kama huna mchapishaji wa muziki, unajisajili mwenyewe kama mtunzi anayejisimamia. Inahusu wasikilizaji wa Marekani tu. Kwa nchi nyingine utategemea mikataba ya shirika lako, au msimamizi wa uchapishaji (anayekusajilia na kukukusanyia mirabaha ya utunzi), ambaye mara nyingi hukata asilimia 15 hadi 20.

Unachohitaji kwa kila wimbo: majina ya watunzi wote, asilimia, namba ya IPI ya kila aliye nayo (ni ya kumtambulisha mtunzi, na shirika la watunzi ndilo linalokupatia), na ISRC, namba ya kutambulisha rekodi. ISRC ina herufi na tarakimu 12 na hutolewa kwa rekodi, muombe msanii akupe siku ileile anapopakia. ISWC ni namba ya kutambulisha utunzi, huanza na herufi T. Wimbo mmoja ukiwa na toleo la kawaida, rimiksi na akustika, una ISRC tatu na ISWC moja, isipokuwa kama rimiksi imeongeza maneno mapya.

Makosa yanayozuia pesa: jina la mtunzi kuandikwa kwa jina la sanaa sehemu moja na jina la kitambulisho sehemu nyingine, na watunzi wawili kusajili wimbo mmoja kila mtu kwa hesabu yake. Wewe ukiandika 55 na msanii akajiandikia 60, jumla imezidi 100 na mgao unaweza kushikiliwa hadi mkubaliane. Mteueni mtu mmoja asajili, wengine wahakiki.

Kodi pia. Utajaza fomu ya kodi ya Marekani, W-8BEN. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo mirabaha ya kule hukatwa asilimia 30. Fomu inadumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini, kisha unaijaza upya.

Na msanii anapopakia, kuna kisanduku cha watunzi. Wengi wanajaza jina lao peke yao ili kumaliza haraka. Omba kuona ukurasa huo kabla hajabonyeza kutuma.

---

Mtunzi_Temeke

Nashukuru sana wakuu, nimenakili yote. Limejitokeza jipya: prodyuza amekiri kwamba biti aliichukua mtandaoni na "kuiboresha". Je, asilimia 25 zake zinabaki? Na msanii anaomba jina langu lisionekane hadharani.

---

Kalamu_na_Biti

Simamisha kwanza, mkuu, hili ni kubwa kuliko laki tatu. Mwambie prodyuza alete leseni ya biti, sio risiti tu. Kama ni leseni ya kukodi, biti hiyo inaweza kuwa mikononi mwa watu kadhaa. Soma vipengele vinne: idadi ya usikilizaji inayoruhusiwa, kama miito ya simu na video vimo, asilimia ya utunzi anayobaki nayo mtengeneza biti wa asili, na Content ID (mfumo wa YouTube wa kutambua na kudai video zinazotumia sauti iliyosajiliwa). Leseni nyingi za kukodi zinakataza kusajili wimbo kwenye Content ID ya YouTube, na mkiisajili mtaanza kudai video za wengine waliokodi biti ileile, nao watadai yenu.

Mara nyingi leseni inampa mtengeneza biti nusu ya utunzi. Ikiwa hivyo, hesabu yangu ya juu inavunjika: 50 zinaondoka kwanza, nyinyi mnagawana 50 zilizobaki. Prodyuza aliyeongeza ngoma na kusafisha sauti alipwe ada ya studio, au apewe kidogo kama kweli kaongeza melodi. Kama leseni haipo kabisa, ama inunuliwe ya kipekee, ama biti ipigwe upya. Maneno na melodi yako vinaweza kuhamia kwenye biti nyingine. Wiki tatu zinatosha.

Kuhusu jina: kutotajwa kwenye bango na mahojiano ni sawa, ila dai ada iongezeke. Kwenye karatasi ya mgao, COSOTA, kampuni ya mirabaha na The MLC, jina lako la kitambulisho libaki. Andika wazi: "Mtunzi amekubali kutotangazwa, hajaachia hakimiliki wala mirabaha."

Leo hii hamisha mazungumzo yenu ya WhatsApp yote, pamoja na sauti za demo ulizotuma, jitumie kwa barua pepe. Usifute faili la kwanza kwenye simu, lina tarehe.