Naomba ushauri: nani huwasha jeni ya kwanza?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana selimundu (ugonjwa wa kurithi wa damu), na tangu tuambiwe nimekuwa nikisoma ili nielewe. Nimekwama.

Ninachojua, seli hunakili jeni (sehemu ya DNA yenye maelekezo ya kutengeneza protini) kuwa RNA, kisha ribosomu, yaani kiwanda cha protini ndani ya seli, huisoma herufi tatu tatu na kuunganisha asidi amino, vipande vinavyojenga protini, hadi protini ikamilike. Kwa mdogo wangu, herufi moja tu imebadilika kwenye jeni ya beta globini, ambayo ni sehemu ya himoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu). Asidi amino iitwayo valini ikakaa mahali pa nyingine iitwayo asidi glutamiki, na himoglobini hushikana ikikosa oksijeni. Herufi moja! Iliniuma sana kulijua hilo.

Sasa, karibu kila seli ina jeni zilezile, takriban 20,000 za kutengeneza protini, lakini seli nyekundu changa hutengeneza himoglobini na kongosho insulini. Nasoma kwamba protini ndizo huwasha na kuzima jeni. Nazo zimetoka kwenye jeni! Ya kwanza iliwashwa na nini? Ni protini zilizokuwemo tayari kwenye yai la mama?

Halafu jeni ya himoglobini ya mtoto akiwa tumboni, ambayo kwa kiasi kikubwa huzimwa baada ya kuzaliwa, inawashwaje tena kwa dawa? Wenye ujuzi, nianzie wapi kusoma?